Mzunguko Mmoja Uliozidi: Hesabu Zilizompa Alan Kulwicki Ubingwa

Tarehe 15 Novemba 1992, kwenye uwanja wa Atlanta, Bill Elliott alishinda mbio na Alan Kulwicki akashika nafasi ya pili. Kila mmoja akaondoka na pointi 180. Elliott alikuwa ameongoza mizunguko 102, Kulwicki 103. Huo mmoja uliozidi ndio uliomtoa bingwa wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, wa mwaka ule baada ya msimu wa mbio 29. Mtu anayetaka kujua dereva bingwa anatengenezwaje atajifunza mengi zaidi kwenye mzunguko huo kuliko kwenye video za magari yanayobiringika.

Kwa aliyezoea Safari Rally, huu ni mchezo mwingine kabisa. Kwenye rally gari hushindana na saa, likiwa peke yake na vumbi lake. Huku magari arobaini hivi huanza pamoja, mawili mawili ubavu kwa ubavu, kwenye uwanja wenye umbo la yai, na siku zile karibu msimu mzima kona zote zilikuwa za kushoto. Kwa nje gari linafanana na la dukani. Ndani hakuna cha dukani: fremu ni ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, injini ni V8 ya inchi za ujazo 358 (karibu lita 5.9) iliyokuwa ikinyweshwa na kabureta moja, giaboksi ilikuwa ya gia nne za mkono. Uzito wa chini ulikuwa pauni 3,500, kama kilo 1,590, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 110. Mlango haufunguki, dereva anaingilia dirishani.

Kulwicki alizaliwa Desemba 1954 jimbo la Wisconsin, mbali na kusini mwa Marekani ambako mchezo huu una mizizi yake. Baba yake alikuwa mjenzi wa injini za mbio. Yeye akasoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, tawi la Milwaukee, akahitimu mwaka 1977, huku wikiendi akikimbiza magari kwenye viwanja vidogo vya nyumbani. Watu hupenda kuitaja shahada yake kama kichekesho, eti mwenye digrii kati ya mafundi wa gereji. Digrii peke yake haiendeshi gari. Ilichomsaidia ni tabia ya kupima kwanza na kubishana baadaye, na mapema miaka ya themanini tabia hiyo ilikuwa adimu pale piti, mahali gari linaposimama kuhudumiwa. Wengi walirekebisha gari kwa kukumbuka walichofanya mwaka jana kwenye uwanja uleule.

Mwaka 1985 aliuza karibu kila alichokuwa nacho ahamie Charlotte, North Carolina, ziliko karakana nyingi za NASCAR. Siku mbili kabla ya safari, hitilafu ya umeme ilisababisha moto ulioteketeza lori lake. Akaazima lori jingine, akapakia vyombo vya nyumbani na spana zake, akaondoka. Septemba ya mwaka huo alikimbia mbio yake ya kwanza ya daraja la juu, Richmond, kwenye gari la mtu mwingine. Mwaka 1986 mwenye timu alipojitoa, Kulwicki aliinunua. Kwa hiyo akawa dereva, mmiliki, mkuu wa mafundi na mwenye kusaini hundi, vyote mtu mmoja, akiwa na waajiriwa wachache mno wa kudumu. Mwaka huohuo akatwaa tuzo ya dereva mgeni bora.

Tukae kidogo kwenye kazi ya fundi, kwa sababu ndipo ubingwa unapoanzia.

Gari la uwanja wa mviringo lina magonjwa mawili makubwa. Linaweza kukaza: unakata usukani kushoto nalo linaendelea kwenda mbele kuelekea ukutani, kwa sababu matairi ya mbele yameshindwa kushika. Au linaweza kulegea: mkia unateleza kwenda nje na gari linataka kugeuka nyuma mbele. Madereva husema gari lililolegea kidogo ndilo lenye kasi na lililokaza ndilo salama. Ni kweli kwa mzunguko mmoja wa kufuzu, ule wa kupanga nafasi za kuanzia. Kwa mizunguko 328 ya Atlanta, unatafuta gari linaloanza limekaza kidogo au limelegea kidogo na kurudi katikati kadiri matairi yanavyochakaa, na hilo halipatikani kwa kubahatisha.

Dawa kuu ni namna uzito unavyogawanyika kwenye magurudumu manne. Pima kila gurudumu kwenye mizani yake, kisha jumlisha gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto. Kwa gari la pauni 3,500, jumla hiyo ikiwa 1,785 ni asilimia 51. Ukiiongeza, gari linakaza. Ukiipunguza, linalegea. Katikati ya mbio hakuna muda wa mizani, ndiyo maana unamwona fundi akichomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma. Pale anazungusha skrubu iliyokaa juu ya springi. Akiibana ile ya nyuma kushoto, gurudumu hilo na mwenzake wa mbele kulia yanabeba zaidi, na gari linakaza. Akiibana ya nyuma kulia, matokeo ni kinyume. Nusu mzunguko wa spana unatosha dereva ausikie. Kosa la timu changa ni kubana mzunguko mzima na kubadili upepo wa matairi papo hapo, kisha gari likibadilika hawajui dawa ipi imefanya kazi. Badili kitu kimoja, andika, subiri dereva aseme.

Tairi nalo linasomeka. Gari likiingia piti kwenye mazoezi, fundi anachoma sindano ya kipimajoto sehemu tatu za mpira: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko kando, upepo umezidi. Tairi la mbele kulia, ambalo ndilo linalobeba mateso yote kwenye kona za kushoto, likiwa na moto zaidi ukingo wa nje, maana yake halijainamishwa ndani vya kutosha, linaviringika juu ya bega lake. Tena upepo wenyewe haukai palepale. Tairi huanza na upepo mdogo, likipata joto linapanda, na hewa ya kawaida yenye unyevunyevu hupanda bila mpangilio. Ndiyo sababu timu hujaza naitrojeni kavu. Dereva akilalamika kuwa gari lilikuwa baya kwa mizunguko kumi ya mwanzo kisha likatulia, usikimbilie springi, angalia upepo wa kuanzia.

Na mafuta. Tangi la siku zile lilibeba galoni 22, lita 83, na liko nyuma kabisa. Likijaa ni kama kilo 60 zilizokaa mkiani. Likikauka, kilo hizo zimeondoka. Dereva asiyejua hilo humpa fundi taarifa za uongo bila kukusudia: anasema gari limebadilika, kumbe limepungua tu. Kulwicki alikuwa anajua, na ndiyo maana mafundi waliofanya naye kazi walipata taarifa za maana kutoka kwenye kiti cha dereva. Walipata na karaha pia. Alikuwa mgumu kufanya naye kazi: anakagua kazi ya kila mtu, anataka kila kitu kwa njia yake, anatembea piti na mkoba wa karani mkononi. Ray Evernham, ambaye baadaye angekuwa mkuu wa mafundi wa Jeff Gordon na kuchukua naye mataji matatu, alikaa kwake majuma machache tu mwanzoni mwa 1992 akaondoka. Mwajiri wa namna hiyo hupoteza watu wazuri, hilo halina utetezi. Waliobaki, chini ya Paul Andrews kama mkuu wa mafundi, walikuwa wale wanaoweza kubishana naye kwa namba.

Ushindi wa kwanza ulichelewa hadi Novemba 1988, Phoenix, kiongozi wa mbio alipoharibikiwa. Baada ya bendera, Kulwicki aligeuza gari na kuzunguka uwanja kinyume, yaani kwa mwelekeo wa mshale wa saa, akauita mzunguko wa Kipolandi kwa heshima ya asili yake. Watu waliona utani. Lakini fikiria: kiti cha dereva kipo kushoto, na kwa mwelekeo wa kawaida kushoto kunatazama katikati ya uwanja. Ukizunguka kinyume, dirisha la dereva linaelekea majukwaani. Alitaka kuwapungia mkono watu waliolipa kiingilio. Hata shangwe yake ilikuwa na michoro ya kihandisi.

Sasa pesa. Mwaka 1990 Junior Johnson, mmoja wa wamiliki wakubwa wa wakati ule, alimpa ofa ya dola milioni moja aje kuendesha gari lake. Kulwicki akakataa abaki na timu yake. Mdhamini mkubwa aliyekuwa akimtarajia akaenda kwa Johnson, na msimu wa 1991 ukaanza bila udhamini wa kudumu. Machi, pale Atlanta, alikuwa wa kwanza kwenye kufuzu akiwa na gari lisilo na nembo ya mdhamini mkuu. Kampuni ya migahawa ya Hooters, iliyokuwa na makao Atlanta, ilikuwa imedhamini gari jingine ambalo halikufuzu. Mwishoni mwa wikiendi hiyo nembo yao ilikuwa kwenye gari la Kulwicki, namba 7, nao wakabaki hapo.

Vijana wanaoanza hukisoma kisa hiki kama kisa cha bahati. Si bahati tupu. Mdhamini ananunua sekunde za kuonekana kwenye televisheni, na gari linaloanza mbele linaonekana kuanzia dakika ya kwanza. Kulwicki alimaliza maisha yake ya mbio na nafasi 24 za kuanza wa kwanza katika mbio 207, lakini ushindi 5 tu. Soma namba hizo pamoja. Gari lake lilikuwa na kasi ya mzunguko mmoja kuliko magari mengi ya matajiri. Lililokosekana ni mambo yanayonunuliwa kwa pesa: injini mpya kila wikiendi, gari la akiba lenye ubora uleule, mafundi wa piti wanaofanya mazoezi ya kubadili matairi siku tano kwa wiki. Timu ndogo inaweza kuimudu siku ya kufuzu. Jumapili, siku ya mbio, ni ghali.

Kwa hiyo mwaka 1992 hakuwa dereva wa kushinda kila wiki. Elliott, safari hii akiwa ndani ya gari la Junior Johnson aliyekataliwa, alishinda mbio nne mfululizo mwezi Machi. Kulwicki alishinda mara mbili msimu mzima: Bristol mwezi Aprili na Pocono mwezi Juni. Viwanja hivyo havina hata undugu. Bristol ni bakuli la maili nusu na kidogo lenye kona zilizoinuka upande wa nje, unageuka muda wote na breki hazipoi. Pocono ni pembetatu ya maili mbili na nusu yenye kona tatu zisizofanana, ambapo gari likikaa sawa kona moja linakukera mbili zinazobaki. Kushinda kote kuwili kunaeleza zaidi kuhusu karakana kuliko kuhusu mguu wa kulia wa dereva.

Ili kuelewa kilichofuata lazima ujue pointi zilivyokuwa zikitolewa. Mshindi alipata 175, wa pili 170, kisha tano tano zinapungua hadi wa sita aliyepata 150. Kutoka hapo zinapungua nne nne hadi wa 11, halafu tatu tatu hadi mkiani. Aliyeongoza hata mzunguko mmoja aliongezewa 5, na aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote akaongezewa 5 nyingine. Kima cha juu kwa mbio moja kilikuwa 185. Angalia tofauti ya mshindi na wa pili: pointi tano. Halafu angalia wa 34: anapata 61. Ukigonga ukuta mapema unapoteza zaidi ya pointi 100 siku moja, na ushindi mmoja juu ya nafasi ya pili unakurudishia tano. Mfumo huo ulimlipa anayemaliza. Wapenzi wengi waliuchukia kwa sababu hiyohiyo, na kwa burudani ya Jumapili walikuwa na hoja. Lakini sheria ikishaandikwa, kazi ya timu ni kuisoma.

Septemba, baada ya kugonga Dover, Kulwicki alikuwa nyuma ya Elliott kwa pointi 278, mbio sita zikibaki. Wengi walimfuta. Hesabu ilisema 278 gawanya kwa sita ni pungufu kidogo ya 47 kwa mbio. Hakuna dereva anayeweza kumpokonya mwenzake pointi 47 kila wiki kwa kushinda tu, maana mwenzake akiwa wa tano anapoteza 20, au 30 ukimhesabia mshindi nyongeza zote. Njia pekee ni mwenzako aharibikiwe huku wewe unamaliza. Ndicho kilichotokea. Elliott alipatwa na wiki mbovu mfululizo, matatizo ya mitambo yakimfuata hadi Phoenix, mbio ya pili kutoka mwisho, ambako dereva Davey Allison alishinda na kuchukua uongozi wa pointi. Kulwicki katika kipindi hicho hakufanya muujiza. Alimaliza mbio zake.

Wakafika Atlanta. Allison anaongoza, Kulwicki yuko nyuma kwa 30, Elliott kwa 40. Harry Gant, Kyle Petty na Mark Martin nao walikuwa bado na nafasi kwenye karatasi. Siku hiyohiyo Richard Petty alikimbia mbio yake ya mwisho na kijana anayeitwa Jeff Gordon mbio yake ya kwanza, kwa hiyo macho ya watu yalikuwa kila mahali. Allison alihitaji nafasi ya tano au bora: hata Kulwicki akipata 185 zote, wa tano anapata 155, wanalingana, na Allison alikuwa na ushindi mitano msimu huo dhidi ya mitatu ambayo Kulwicki angekuwa nayo. Madereva wakilingana pointi, wingi wa ushindi ndio uliokata shauri. Shikilia hapo, tutarudi.

Kwa ruhusa ya Ford na ya waandalizi, Kulwicki alibandua herufi mbili za kwanza za jina la gari, Thunderbird, pale mbele ya bampa. Likabaki Underbird, gari la mnyonge. Kichekesho kizuri.

Kisha giaboksi ikavunjika. Kwenye kusimama kwa kwanza piti, gia ya kwanza ilikatika. Hapa wengi hujiuliza gari liliwezaje kumaliza. Giaboksi ya gia nne ina shafti ya kuingiza nguvu, shafti ya kutoa, na shafti ya tatu chini yake yenye gia zinazobeba mzigo unapokuwa kwenye gia ya kwanza, ya pili au ya tatu. Ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingiza inafungwa na ya kutoa, na zile gia za chini zinazunguka tu bila kubeba kitu. Ukiwa uwanjani kwa kasi unakaa gia ya nne muda wote, kwa hiyo meno yaliyovunjika hayakuhusu. Hatari ni mbili. Kwanza, vipande vya chuma vinaelea kwenye oili, na kimoja kikiingia kati ya meno mazima, giaboksi inakwama magurudumu ya nyuma yakiwa kwenye kasi. Pili, bado kuna kusimama kwingine piti, na kila mara lazima gari liondoke kutoka sifuri.

Uamuzi wa Andrews na Kulwicki ulikuwa kutogusa fito ya gia tena. Kaa ya nne, ondoka na ya nne. Kuondoa gari la kilo 1,600 na zaidi kwa gia ya nne ni kama kuanza mlima kwa gia ya juu kabisa: injini inataka kuzima, klachi inateleza na kuungua. Mafundi walilisukuma kwa mikono mpaka lipate mwendo, dereva akiachia klachi taratibu. Ukisukuma kidogo injini inazima, na klachi ukiiachia kwa pupa unamalizia kuvunja kilichobaki. Walifanya hivyo mara tatu baada ya gia kuvunjika. Andrews alisema baadaye kwamba alishikilia pumzi mchana kutwa.

Baada ya mzunguko wa 250 Ernie Irvan alipoteza mwelekeo mbele ya Allison, na Allison hakuwa na pa kukwepea. Gari lake likaharibika, ubingwa ukamtoka. Wakabaki wawili waliokuwa wakipokezana uongozi, Elliott na Kulwicki, na tofauti ya pointi kumi kati yao.

Hesabu ya hapo ni fupi lakini ina meno. Elliott akishinda anapata 175 na 5 za kuongoza. Kulwicki akiwa wa pili anapata 170 na 5. Tano za mwisho, za aliyeongoza mizunguko mingi, ndizo zinazoamua. Zikienda kwa Kulwicki, wote wana 180 na zile kumi zinabaki palepale: bingwa Kulwicki. Zikienda kwa Elliott, yeye ana 185 na mwenzake 175, kumi zinayeyuka, wanalingana. Na Elliott, kwa ushindi wa siku hiyo, angekuwa na mitano dhidi ya miwili. Ubingwa wa mwaka mzima ungehama bila Kulwicki kupitwa na mtu yeyote zaidi.

Ndipo anayehesabu anapokuwa na thamani kuliko anayebadili matairi. Kanuni ni hii: hujafunga zile tano hadi mizunguko yako izidi ya mpinzani ukijumlisha na yote iliyobaki. Tuseme wewe una 90, yeye 75, imebaki 20. Unaona umemwacha mbali? Yeye anaweza kufika 95. Bado. Andrews alikuwa anapiga hesabu hiyo kila mzunguko, na akamwacha Kulwicki nje aendelee kuongoza wakati tangi likielekea kukauka, hadi mzunguko ambao, hata Elliott angeongoza kila mmoja uliobaki, asingeweza kumpita. Walimwita ndani karibu na mzunguko wa 310.

Alisimama kuchukua mafuta tu, bila tairi. Kwa ulaji wa magari yale, kama maili nne na nusu kwa galoni moja, mizunguko kumi na minane ya Atlanta ilihitaji lita 23 hivi, chini ya debe moja kati ya yale mawili ya lita 41 yaliyojaza tangi zima. Kazi ya sekunde chache. Lakini harakaharaka za kulisukuma gari zikaingiliana na kumwaga mafuta, na hakuna aliyekuwa na uhakika ni kiasi gani kimeingia. Debe linamiminika kwa uzito wake lenyewe, hakuna pampu. Gari likianza kusogea kabla mdomo haujakaa sawa, hewa haitoki vizuri na petroli inaingia kwa kukwamakwama. Kulwicki akaendesha mizunguko ya mwisho kwa mguu mwepesi: unaachia pedali ya mafuta mapema kabla ya kona, unaliacha gari liserereke, unarudi taratibu. Elliott akatangulia. Kumkimbiza kungekuwa upumbavu, kwa sababu nafasi ya pili ilikuwa tayari ina thamani ya ubingwa, na mafuta yakiisha wa pili anakuwa wa kumi.

Ikawa 4,078 kwa 4,068. Tofauti hiyo ya pointi 10 ilibaki kuwa ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo hadi 2004, na kufikia mwaka huo namna ya kutoa bingwa ilikuwa imeshabadilishwa. Mwaka 2011 Tony Stewart na Carl Edwards walilingana kabisa, Stewart akachukua kwa ushindi mitano dhidi ya mmoja. Yale yaliyomkosa Kulwicki kwa mzunguko mmoja yakamkuta Edwards kamili.

Baada ya bendera Kulwicki alizunguka kinyume kwa mara ya pili. Alipofika kwenye kamera alichana nywele kwanza huku kila mtu akimsubiri, ndipo akatoka. Mwanamume alikuwa amengoja siku hiyo tangu Wisconsin, na hakuwa tayari kutokea kwenye picha na nywele za kofia.

Hakupata muda wa kutetea taji. Tarehe 1 Aprili 1993 ndege ya mdhamini wake ilianguka karibu na Blountville, Tennessee, ikikaribia kutua, akielekea mbio za Bristol. Wote wanne waliokuwemo walikufa. Alikuwa na miaka 38. Julai ya mwaka huo Allison naye akafariki baada ya helikopta yake kuanguka Talladega. Timu ya Kulwicki ikanunuliwa na dereva Geoffrey Bodine, na baadhi ya waliozoeshwa kupima na kuandika kila kitu pale kwenye karakana ndogo wakasambaa kwenye timu kubwa. Mwaka 2019 jina lake liliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa NASCAR, katika kundi moja na Allison na Gordon.

Siku moja baada ya ajali, pale Bristol, lori la kubebea gari namba 7 lilizunguka uwanja polepole mvuani, kisha likatoka langoni kurudi nyumbani. Jumapili Rusty Wallace alishinda mbio. Aligeuza gari lake, akazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, dirisha la dereva likitazama majukwaani.